Kwa Mhariri: Orodha ya mapigano ya Marekani imeyaacha yaliyoamua mambo

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili niyajibu makala uliyoyachapisha majuzi kuhusu mapigano yaliyoijenga Marekani katika siku zake za mwanzo. Nilifundisha historia katika shule za upili za huku Nyanza hadi nilipostaafu, na siku hizi kila Jumamosi asubuhi huketi na vijana kumi na wawili hivi hapa Kisumu tukisoma historia kwa ramani, rula na penseli. Makala hayo tuliyasoma pamoja kwa sauti, aya kwa aya. Kiswahili chake ni safi na tarehe zake ni sahihi, na kwa hayo namshukuru mwandishi kwa dhati, maana si mara nyingi magazeti yetu hutenga ukurasa mzima kwa historia ya mbali. Ninachokipinga ni kipimo alichokitumia. Ameyachagua mapigano kwa kuangalia ni wapi George Washington, kamanda wa jeshi la Marekani, na wenzake waliibuka washindi, na kwa sababu hiyo ameyaacha matatu ambayo mimi ningeyatanguliza: la Brooklyn, ambalo Washington alishindwa vibaya, la Chesapeake, ambalo halikuwa na meli hata moja ya Marekani, na la Fallen Timbers, lililopiganwa zaidi ya miaka kumi baada ya amani kutiwa sahihi.

Katika barua hii nitasema "vita" nikimaanisha mgogoro wote kati ya makoloni ya Marekani na Uingereza wa kuanzia 1775 hadi 1783, na "pigano" nikimaanisha tukio la siku moja au la majuma machache. Nimewaona wanafunzi wengi wakipotea kwa kuchanganya mambo hayo mawili.

Sina ugomvi na mwanzo wa orodha. Lexington na Concord ni lazima ziwemo, kwa kuwa vita vilianzia hapo tarehe 19 Aprili 1775, pale wanajeshi wa Kiingereza wapatao 700, waliotumwa na Jenerali Thomas Gage kutoka Boston kwenda kutwaa silaha za wanamgambo, walipowaua watu wanane katika uwanja wa kijiji cha Lexington, kisha wakarudi Boston wakimiminiwa risasi kutoka nyuma ya miti na kuta za mawe. Bunker Hill nayo ina haki ya kuwemo, ingawa makala yameiita ushindi wa Wamarekani, na hilo halikuwa hivyo. Tarehe 17 Juni 1775 Waingereza walikipanda kilima mara tatu. Mara mbili walirudishwa, na mara ya tatu wakakitwaa kwa sababu waliokuwa wakikilinda waliishiwa na baruti. Walikilipia kwa zaidi ya watu 1,000 waliouawa au kujeruhiwa, na aliyewaongoza kupanda alikuwa Jenerali William Howe. Nalitaja jina hilo makusudi, kwa kuwa mwaka uliofuata tunakutana naye tena Brooklyn.

Mwezi Agosti 1776, wiki chache tu baada ya Azimio la Uhuru kutangazwa, Howe aliliteremsha jeshi lake katika kisiwa cha Long Island, kuliko na Brooklyn, mkabala na mji wa New York, huku manowari za nduguye, Admirali Richard Howe, zikiwa zimetanda majini. Usiku wa kuamkia tarehe 27, sehemu kubwa ya jeshi hilo ilizunguka mbali upande wa mashariki na kupita katika mwanya wa vilima uitwao Jamaica Pass, ambao Wamarekani walikuwa wameuacha chini ya ulinzi wa watu watano tu. Watano hao walikamatwa gizani. Kulipopambazuka, jeshi la Washington lilijikuta limeingiliwa mbele na nyuma. Vijana kutoka Maryland, mamia kadhaa, waligeuka na kumshambulia adui tena na tena karibu na nyumba moja ya mawe, ili wenzao wapate kuvuka kinamasi na kuzikimbilia ngome za Brooklyn. Wengi wao hawakurudi. Kufikia jioni Wamarekani zaidi ya 1,000 walikuwa mateka, na waliosalia walikuwa wamebanwa, mbele yao bunduki na nyuma yao maji. Howe angeweza kuzivamia ngome zile siku iyo hiyo. Badala yake aliamuru mahandaki yachimbwe ili awakaribie polepole, na wanahistoria wengi wanauhusisha uamuzi huo na maiti alizoziona Bunker Hill.

Ucheleweshaji huo uliwapa Wamarekani siku mbili. Usiku wa tarehe 29 Agosti Washington aliamuru mashua zote zilizopatikana zikusanywe, na kazi akaikabidhi hasa kwa watu wa Kanali John Glover kutoka Marblehead, Massachusetts, ambao wengi walikuwa wavuvi na mabaharia kabla ya kuwa askari. Mwanzoni upepo wa kaskazini-mashariki na mkondo wa maji uliwakatalia, mashua za tanga zisiende popote. Kisha upepo ukageuka ukavuma kutoka kusini-magharibi, na kazi ikaendelea usiku kucha, makasia yakiwa yamefungwa vitambaa ili yasisikike, na mioto ya kambini ikichochewa ili adui adhani jeshi limelala mahali pake. Alfajiri iliwakuta baadhi yao bado wako ng'ambo isiyo salama, na wangeonekana wote kama ukungu mzito usingeufunika mkono ule wa bahari uitwao East River. Watu wapatao 9,000 walivuka. Washington alikuwa miongoni mwa wa mwisho kupanda mashua.

Nilipotaka vijana wangu wauelewe usiku huo, niliwapeleka Dunga, ufuoni mwa ziwa hapa Kisumu. Mzee mmoja mvuvi aliyekuwa akishona nyavu kando ya mashua yake alitusikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza, "Japuonj (yaani mwalimu), hizo mashua zilikwenda na kurudi mara ngapi?" Hakuna kati yetu aliyekuwa na jibu, wala hatukuwa tumewahi kulifikiria swali lenyewe. Akachukua kasia, akalizungushia tambara pale linapoegemea ukingo wa mashua, akatuonyesha kwamba kinachopiga kelele usiku ni kasia kusuguana na mbao, si kasia kuingia majini. Akasema pia kwamba kuvusha watu wenye hofu ni kazi nzito kuliko kuvusha shehena, kwa kuwa gunia halisimami ghafla katikati ya safari. Nimesoma kurasa nyingi kuhusu Brooklyn, na sikuwahi kuielewa kazi ya watu wa Marblehead kama nilivyoielewa nikiwa nimesimama pale mchangani.

Nasisitiza pigano hilo kwa sababu jeshi lililovuka usiku ule ndilo lililokuwa uti wa mgongo wa madai ya uhuru. Kama Howe angelinasa, sioni ni nani angepigana Trenton miezi minne baadaye. Makala yameipa Trenton aya tatu nzuri: theluji, usiku wa Krismasi wa 1776, watu 2,400 wakivuka mto Delaware, na askari wa kukodiwa wa Kijerumani karibu 900 wakitekwa asubuhi yake. Ila hayasemi kwamba walioendesha mashua katika mto ule uliojaa vipande vya barafu walikuwa wale wale watu wa Glover. Ushindi wa Trenton ulitokana na ujuzi uliookoa jeshi Brooklyn, na msomaji asiyeambiwa habari za Brooklyn atadhani ulishuka kutoka mbinguni.

Kuhusu Saratoga nitasema machache, kwa kuwa mwandishi ameisimulia vizuri. Jenerali John Burgoyne aliteremka kutoka Kanada mwaka 1777 akitaraji kukutana na wenzake kandokando ya mto Hudson, lakini Howe alikuwa ameamua kwenda kuuteka mji wa Philadelphia, na Burgoyne akaachwa peke yake msituni. Baada ya mapigano ya tarehe 19 Septemba na 7 Oktoba, alijisalimisha tarehe 17 Oktoba pamoja na watu karibu 6,000. Makala yanaishia hapo, kwenye silaha zilizowekwa chini. Mimi ningeanzia hapo. Tarehe 6 Februari 1778 Ufaransa ilitia sahihi mkataba wa ushirika na Wamarekani, na mwaka 1779 Hispania nayo ikaingia vitani dhidi ya Uingereza. Kuanzia siku hizo Waingereza walilazimika kugawa manowari zao kati ya bahari ya kwao, visiwa vya Karibi, Bahari ya Hindi na pwani ya Marekani, na mzigo huo ndio unaolieleza pigano la pili lililoachwa.

Mwaka 1781 Jenerali Charles Cornwallis alikuwa amezunguka majimbo ya kusini akishinda na huku akipungukiwa na watu. Mwezi Machi, pale Guilford Courthouse, alibaki na uwanja lakini akapoteza kama robo ya jeshi lake. Hatimaye aliweka kambi Yorktown, Virginia, ukingoni mwa mto York, akitegemea bahari imletee chakula, askari wa ziada na njia ya kuondokea. Tegemeo hilo halikuwa la kijinga, kwa sababu kwa miaka mingi bahari ile ilikuwa ya Waingereza. Lakini mwishoni mwa Agosti Admirali wa Kifaransa, Comte de Grasse, aliingia katika ghuba ya Chesapeake akitokea Karibi na manowari zake, wanajeshi zaidi ya 3,000, na fedha zilizokusanywa Havana. Washington na Jenerali Rochambeau wa Ufaransa, walipopata habari kwamba yuko njiani, walikuwa wameshaanza safari ndefu ya kushuka kusini kutoka New York.

Tarehe 5 Septemba, Admirali Thomas Graves wa Uingereza alitokea mdomoni mwa ghuba na manowari 19. Wafaransa walikuwa wametia nanga, na mabaharia wao wengi walikuwa nchi kavu. De Grasse hakuwasubiri. Kamba za nanga zilikatwa, na manowari 24 zikaanza kutoka kwa mfuatano uliovurugika, za mbele zikiwa zimeziacha mbali za nyuma. Lau Graves angezishukia papo hapo zilipokuwa zikichomoza, huenda ningekuwa naandika barua nyingine kabisa. Aliacha nafasi hiyo ipite akitaka safu yake iwe imenyooka. Ishara za bendera alizopandisha ziliwachanganya manahodha wake, na manowari zake za nyuma karibu hazikupigana. Kwa saa mbili na ushei kabla ya machweo mizinga ilinguruma, kisha giza likaingia bila manowari yoyote kuzama. Moja ya Waingereza, Terrible, iliharibika mno hata wenyewe wakaiteketeza siku chache baadaye. Kwa siku kadhaa pande hizo mbili zilitazamana baharini, halafu Wafaransa wakarudi kuifunga ghuba na Graves akarudi New York kutengeneza meli zake.

Mtu akilitazama pigano hilo peke yake ataliona kuwa sare ya jioni moja. Nathubutu kusema kwamba ndilo lililoamua vita vyote. Cornwallis alikuwa amefungiwa mlango wa nyuma, na yaliyofuata Yorktown kuanzia tarehe 28 Septemba yalikuwa kazi ya sepetu na mizinga: kuchimba, kusogea, kupiga, kuchimba tena. Idadi ya wanajeshi wa Ufaransa katika mahandaki yale ilikaribia ile ya wanajeshi wa kudumu wa Marekani, na hapo sijawahesabu mabaharia waliokuwa ghubani. Usiku wa tarehe 16 Oktoba Cornwallis alijaribu jambo lile lile alilolifanya Washington Brooklyn: kuwavusha watu wake kwa mashua, gizani, hadi Gloucester Point, ng'ambo ya mto York. Kundi la kwanza lilivuka. Kisha dhoruba ikapiga, mashua zikatawanyika, na asubuhi ya tarehe 17, siku iliyotimiza miaka minne kamili tangu Burgoyne ajisalimishe, mpiga ngoma wa Kiingereza alionekana juu ya boma akiomba mazungumzo. Watu zaidi ya 7,000 walijisalimisha tarehe 19. Yule mzee wa Dunga, tulipomrudia na habari hii, alitikisa kichwa na kusema kwamba upepo uliomkubalia mmoja ulimkatalia mwingine.

Kuna watu wengine ndani ya Yorktown ambao makala hayakuwataja, na vijana wangu waliulizia habari zao kabla mimi sijaeleza. Tangu Novemba 1775, gavana wa Kiingereza wa Virginia, Lord Dunmore, alikuwa ametangaza kwamba watumwa wa waasi watakaokimbilia upande wa mfalme na kushika silaha watakuwa huru. Maelfu walikimbia, na wengine kati yao wakamfuata Cornwallis hadi Yorktown na kumchimbia maboma. Chakula kilipopungua aliwafukuza, na wengi walikufa kwa ndui na njaa msituni, katikati ya majeshi mawili yaliyokuwa yakipigana kila moja kwa jina la haki. Upande wa pili wa mahandaki walikuwemo askari weusi wa kikosi cha Rhode Island, na ndani ya kambi ya Cornwallis mwenyewe alikuwa amefanya kazi James Armistead, mtumwa aliyepeleleza kwa niaba ya Lafayette, jenerali Mfaransa katika jeshi la Marekani; mtumwa huyo bunge la Virginia lilimpa uhuru mwaka 1787 tu, miaka zaidi ya mitano baada ya pigano la Yorktown alilosaidia kulishinda. Ukurasa mzima kuhusu vita vya uhuru unapaswa kuwa na nafasi ya watu hao.

Sasa nalifikia pigano la tatu, ambalo linanigusa zaidi. Mkataba wa Paris wa tarehe 3 Septemba 1783 uliikabidhi Marekani ardhi yote hadi mto Mississippi. Washawnee, Wamiami, Wadelaware na wenyeji wengine waliokuwa wakiishi katika ardhi hiyo hawakutajwa katika mkataba hata kwa neno moja. Msomaji wa Kisumu hahitaji kufafanuliwa jambo la aina hiyo. Sehemu hii yetu yote ilihesabiwa kuwa Uganda hadi mwaka 1902, miezi michache baada ya reli kufika ufuoni mwa ziwa, ndipo Waingereza wakaihamishia katika himaya yao ya Afrika Mashariki kwa karatasi, wenyeji wakiwa hawajaulizwa. Kijana mmoja wa Jumamosi, aliyelisikia hilo kwa babu yake, ndiye aliyenishurutisha nitafute yaliyowapata wenyeji wale wa bonde la mto Ohio baada ya 1783.

Yaliyowapata ni kwamba walikataa. Tarehe 4 Novemba 1791, kabla jua halijapanda, wapiganaji wa muungano wa mataifa hayo, wakiongozwa na Little Turtle wa Wamiami na Blue Jacket wa Washawnee, waliivamia kambi ya Jenerali Arthur St. Clair karibu na mto Wabash. Zaidi ya askari 600 wa Marekani waliuawa asubuhi ile moja, idadi ambayo jeshi la nchi hiyo halikuwahi kuipoteza tena katika pigano lolote na wenyeji. Bunge la Marekani liliunda kamati ya kuchunguza maafa hayo, nao ulikuwa uchunguzi wake wa kwanza kabisa kuhusu kazi za serikali. Makala yaliyoorodhesha mapigano yaliyoijenga Marekani hayakusema lolote kuhusu asubuhi hiyo.

Washington, ambaye sasa alikuwa rais, alimtuma Jenerali Anthony Wayne, naye Wayne alitumia karibu miaka miwili kuwafunza askari wapya kabla ya kuwaingiza vitani. Tarehe 20 Agosti 1794 walikutana na wapiganaji wa muungano karibu na mto Maumee, mahali ambapo dhoruba ilikuwa imeangusha miti mingi, na ndiyo sababu pigano hilo huitwa Fallen Timbers. Halikuchukua muda mrefu. Wenyeji walipozidiwa walikimbilia Fort Miamis, ngome ya Waingereza iliyokuwa karibu, kwa kuwa kwa miaka mingi Waingereza ndio waliokuwa wakiwapa bunduki na maneno ya urafiki. Walikuta lango limefungwa. Kamanda wa ngome hakuwa tayari kuitia nchi yake vitani na Marekani kwa ajili yao, na hakulifungua. Mwaka uliofuata, kwa mkataba wa Greenville, sehemu kubwa ya Ohio ilitoka mikononi mwao, na mwaka 1803 Ohio ikawa jimbo. Kijana wa Kishawnee aliyepigana siku ile, Tecumseh, hakuutia sahihi mkataba huo, na aliendelea kuupinga hadi alipouawa vitani mwaka 1813.

Naelewa kwa nini waandishi huliruka pigano hilo. Ni rahisi zaidi kuisimulia Marekani ikiwa koloni dogo linalopambana na mfalme kuliko kuisimulia, miaka kumi na mmoja tu baadaye, ikiwa dola inayochukua ardhi ya wengine. Waswahili walisema mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, na vitabu tulivyorithi vimevutiwa upande mmoja kwa muda mrefu sana. Gazeti la Kiswahili, linalosomwa na watu ambao mababu zao waliwahi kugawiwa kwa karatasi, lina kila sababu ya kuyaeleza yote mawili katika ukurasa mmoja.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni kwamba mwandishi yule yule, ambaye kalamu yake naiheshimu, apewe ukurasa wa pili aandike kuhusu Brooklyn, Chesapeake na Fallen Timbers. Vijana wangu wamekwisha kuchora ramani tatu kwenye karatasi ya manila: East River kwa penseli, mdomo wa ghuba pamoja na manowari zote 43 zikiwa zimehesabiwa, na mto Maumee kwa rangi ya buluu, lango la Fort Miamis likiwa limetiwa wino mwekundu. Ukizihitaji, tutazituma kwa basi la alfajiri kutoka Kisumu.

Mwalimu mstaafu wa historia,
Kisumu